Darasa la Jioni la Hadithi Fupi, Mji Mkongwe: Tathmini ya Mshiriki

Wengi tuliosoma fasihi katika skuli za Unguja na Pemba tulifundishwa ustadi mmoja wa haraka: kuipokea hadithi, kuigawa katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha dhamira zake moja baada ya nyingine, yaani umaskini, tamaa, mapenzi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Orodha ya namna hiyo hupata alama katika mtihani, lakini mara nyingi ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuisoma hadithi yenyewe bali alisimuliwa kwa kifupi tu. Darasa la jioni la hadithi fupi linaloendeshwa katika ghorofa ya juu ya nyumba moja ya zamani huko Vuga linaikataa njia hiyo tangu kipindi cha kwanza. Kwa sababu hiyo ninalipendekeza bila kusita, ingawa lina kasoro ambazo anayetaka kujiunga anastahili kuzijua mapema.

Darasa lenyewe halina jina rasmi. Anayeliongoza ni mwalimu mstaafu wa sekondari ambaye wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Maalim. Wanaohudhuria ni mchanganyiko ambao sijauona katika darasa jingine la mji huu: walimu wa skuli, wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, wafanyakazi wa ofisini waliokwisha kazi zao za mchana, mpambaji wa maharusi, mwongozaji wa watalii, na bibi mmoja aliyekuwa muuguzi. Kila kipindi huanza baada ya sala ya alasiri na kina hadithi moja tu, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kupigwa nakala. Hadithi husomwa kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kusema lolote, na mara ya pili kila mtu hushika penseli na kupiga mstari chini ya kitu chochote kinachojirudia.

Penseli hiyo ndiyo kiini cha njia ya Maalim. Kabla ya mtu kuruhusiwa kusema kwamba kitu fulani ni ishara, hutakiwa kwanza aoneshe kwamba kitu hicho kinarudi katika hadithi, kwamba kimewekwa mahali penye uzito, kama vile mwanzoni, mwishoni au pale mambo yanapogeuka, na kwamba kati ya kutokea kwake kwa kwanza na kwa mwisho kuna jambo limebadilika, ama katika kitu chenyewe ama katika macho ya anayekitazama. Asiyeweza kuyaonesha hayo kwa kunukuu mistari hurudishwa kwenye karatasi yake kwa upole, lakini hurudishwa. Dhamira nayo haikubaliwi ikiwa ni neno moja. Anayesema dhamira ni tamaa huulizwa papo hapo hadithi inasema nini juu ya tamaa, na hulazimika kujibu kwa sentensi kamili ambayo msomaji mwenzake anaweza kuikubali au kuipinga. Nimewahi kukaa katika semina ambazo ishara hutolewa kichwani mwa mhadhiri na kugawiwa wasikilizaji, kwa hiyo masharti haya niliyapokea kwa furaha kubwa.

Kipindi kilichonionesha uzito wa njia hii kilihusu hadithi ya Guy de Maupassant ya mwaka 1884 juu ya mkufu wa almasi. Mathilde, mke wa karani wa wizara mjini Paris, anaazima mkufu kwa rafiki yake tajiri ili aende nao kwenye dhifa. Anaupoteza usiku uleule. Yeye na mumewe wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000, wanaurudisha bila kusema kitu, kisha wanaishi miaka kumi ya dhiki wakilipa madeni, mpaka Mathilde anapokutana tena na rafiki yake na kuambiwa kwamba mkufu ule wa mwanzo ulikuwa bandia, na thamani yake haikuzidi faranga 500. Jibu la kawaida la mtihani ni kwamba mkufu ni ishara ya tamaa na dhamira ni kuridhika na ulichonacho. Si jibu la uongo, lakini halimhitaji mtu asome zaidi ya muhtasari.

Maalim alituomba tuuache mkufu kwa muda tukafuatilie kasha lake. Penseli zilipopita mara ya pili, tukaona jambo ambalo kwa hakika wengi wetu hatukuwahi kuligundua. Mkufu unapopotea, mume na mke wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limo ndani ya kasha, na sonara huyo, baada ya kutazama daftari zake, anawaambia kwamba hakuuza mkufu huo bali alitoa kasha tu. Ukweli wote wa hadithi umekwisha kutamkwa hapo katikati, mbele ya watu wawili wenye hofu, na hawakuusikia, na sisi wasomaji pia hatukuusikia. Baadaye mkufu wa almasi za kweli unatiwa katika kasha lilelile na kurudishwa, na rafiki hafungui kasha atazame. Kasha la sonara wa kweli limebeba kwanza mkufu wa uongo, kisha limebeba mkufu wa kweli unaodhaniwa ni ule wa zamani, na mara zote mbili watu wamekiamini kifuniko.

Kutoka hapo hadithi nzima ilifunguka upya. Tuliona gauni lililonunuliwa kwa faranga 400 ambazo mume alikuwa amejiwekea anunue bunduki ya kuwindia. Tuliona vazi la kawaida la kujifunika ambalo mume anamtupia mkewe mabegani wanapotoka kwenye dhifa, na jinsi Mathilde anavyokimbia ngazini ili wanawake waliovaa manyoya wasimwone nalo. Haraka hiyo ndiyo inayotangulia kugunduliwa kwa upotevu. Mpambaji wa maharusi, ambaye kazi yake ni kukodisha vito na mapambo, aliuliza swali lililolifanya darasa lichangamke: "Maalim, mbona huyu rafiki hakusema tokea mwanzo kwamba ni wa bandia?" Maalim hakujibu. Alituelekeza kwenye onyesho la kuazima, na tukasoma kwamba rafiki alifungua sanduku la vito akamwambia mwenzake achague, na kwamba Mathilde hakuuliza kama ni wa kweli, bali aliuliza tu kama kuna vingine na kama anaweza kuazimwa ule mmoja. Katika onyesho hilo hakuna aliyesema uongo. Baada ya mabishano, sentensi ya dhamira iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: katika jamii inayompima mtu kwa anachoonekana nacho, udanganyifu hauhitaji mdanganyifu, kwa sababu kila mtu hujidanganya mwenyewe kwa kuogopa kuuliza. Wapo walioipinga, hasa waliosema kwamba inamsamehe Mathilde kupita kiasi, na waliipinga kwa kunukuu kurasa za mwanzo ambamo anaona kwamba maisha ya kawaida hayamstahiki. Kwa maoni yangu upinzani huo ulikuwa na nguvu kuliko sentensi yenyewe, na nilifurahi kwamba ubao haukufutwa.

Maalim hueleza pia kwa nini vitu vidogo vina uzito mkubwa zaidi katika hadithi fupi kuliko katika riwaya, na hapa humtegemea Edgar Allan Poe, ambaye mwaka 1842, akizihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alisisitiza kwamba hadithi ya namna hii isomwe kwa kikao kimoja, na kwamba kila neno lake litumikie athari moja iliyokusudiwa. Mwandishi mwenye nafasi finyu kiasi hicho hana ruhusa ya kuweka kiti chumbani kwa ajili ya kupamba tu. Ni maelezo mafupi na yanatosha.

Kipindi kilichotuchukua hadi adhana ya magharibi kilikuwa cha hadithi ya Kate Chopin ya mwaka 1894, yenye maneno kama elfu moja tu. Louise Mallard, mwanamke mwenye maradhi ya moyo, anaarifiwa kwa uangalifu kwamba mumewe ameuawa katika ajali ya treni. Analia, kisha anapanda chumbani kwake peke yake, anajifungia, na kukaa kwenye kiti mbele ya dirisha lililo wazi. Nje anaona vilele vya miti vikichipua, ananusa mvua, anasikia mchuuzi akinadi bidhaa zake na shorewanda wakilia, na anaona vipande vya anga ya buluu. Taratibu linamjia neno ambalo anajaribu kulizuia na hawezi: yuko huru. Anapotoka chumbani na kushuka ngazi, mlango wa mbele unafunguliwa, na anayeingia ni mumewe, mzima, ambaye hakuwapo hata karibu na ajali. Louise anaanguka na kufa, na madaktari wanasema amekufa kwa maradhi ya moyo, kwa furaha inayoua.

Bibi aliyekuwa muuguzi alisema mara tu ruhusa ya kuzungumza ilipotolewa: "Huyu kaingia eda." Ni usomaji ambao usingetokea Marekani alikozaliwa Chopin, na kwa watu wa Unguja ulikuwa wa kawaida kabisa, kwa kuwa mjane anayekaa peke yake chumbani ni sura tunayoijua, na miezi minne na siku kumi ni muda tunaoufahamu bila kukumbushwa. Kijana mmoja wa Kidato cha Sita akamjibu kwa adabu: "Lakini bibi, eda haifungwi kwa ufunguo kutoka ndani, na yeye hakai kumlilia mume, anatazama nje." Maalim aliugawa ubao sehemu mbili, upande mmoja akaandika "yaliyomo" na upande wa pili "tuliyokuja nayo", na eda ikaandikwa upande wa pili. Hakuifuta, wala hakumwambia bibi kwamba amekosea. Alisema kwamba eda imetusaidia kuhisi uzito wa kile chumba kwa haraka kuliko msomaji asiyeijua, lakini ushahidi wa maana ya chumba lazima utoke upande wa kwanza, na huko tulikuwa na mlango uliofungwa, dada anayebembeleza kupitia tundu la ufunguo, na dirisha ambalo hadithi inalirudia huku kila kinachoonekana kupitia kwake kikiwa ni kitu kinachoanza maisha.

Mgawanyo huo wa ubao ndio somo bora nililolipata katika darasa hili lote, na ninaamini kila mwalimu wa fasihi wa visiwa hivi angefaidika nao. Tunaposoma hadithi za mbali tunaingia na dini yetu, desturi zetu na majonzi yetu, na kuyaacha mlangoni haiwezekani wala haifai. Tatizo huja tunapoyachanganya na maneno ya mwandishi mpaka hatujui tena kipi kimetoka wapi. Ubao uliogawanyika unamwezesha msomaji kuviheshimu vyote viwili. Kwa njia hiyohiyo tuliufikia moyo wa Louise. Maradhi ya moyo yametajwa katika sentensi ya kwanza kabisa na yanarudi katika sentensi ya mwisho, lakini mwanzoni ni habari ya tabibu tu, na mwishoni msomaji anajua kuhusu moyo huo jambo ambalo madaktari hawalijui na hawatalijua. Maana iliyobadilika kati ya sentensi hizo mbili ndiyo hadithi.

Kuna jambo moja katika kipindi hicho ambalo sikuridhika nalo. Baadhi ya washiriki walitaka kujua kama inafaa mke afurahie kifo cha mume ambaye, kwa ushahidi wa hadithi yenyewe, alimtazama mkewe kwa mapenzi daima. Maalim alilikatiza swali hilo kwa kusema kwamba hatukukaa kumhukumu mtu. Ni kweli kwamba kuitambua dhamira si kuikubali, na tofauti hiyo ingestahili kuelezwa kwa utulivu kwa watu waliokerwa na hadithi kwa dhati. Hadithi yenyewe inalikabili swali hilo, kwa kuwa Louise anajua atalia tena atakapoiona maiti, na bado anaifungulia mikono miaka inayokuja. Nusu saa ya mazungumzo juu ya hapo ingekuwa na faida zaidi kuliko kulizima swali.

Siku moja tulitoka nje ya chumba, tukazunguka mitaa ya Mji Mkongwe kuitazama milango ya nakshi, yenye vizingiti vilivyonyooka vya mtindo wa Kiarabu na ile yenye upinde juu ya mtindo wa Kihindi. Mwongozaji wa watalii aliye miongoni mwetu alitueleza anavyowaeleza wageni: samaki ni uzazi, mnyororo ni usalama wa nyumba. Akakiri pia kwamba wapo wenzake wanaosema mnyororo huohuo unaonesha kwamba mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa. Maalim alitaka tuone hatari ya kuchukua orodha ya maana iliyokwisha tengenezwa na kuibandika juu ya kitu. Katika hadithi fupi hakuna orodha ya namna hiyo, kwa kuwa kila hadithi huzitengeneza ishara zake yenyewe, na dirisha la Chopin haliwezi kuhamishwa likatafsiri madirisha ya mwandishi mwingine. Matembezi hayo yalikuwa mazuri na mafupi.

Kipindi dhaifu kuliko vyote kilikuwa cha hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1927, ya mwanamume na msichana wanaongoja treni katika kituo kilicho kwenye bonde la mto Ebro, Hispania, wakizungumzia upasuaji ambao hautajwi jina. Hadithi hiyo inahitaji msomaji aone kwamba kituo kiko kati ya reli mbili, upande mmoja ukiwa mkavu usio na mti na upande wa pili una mashamba na miti kandokando ya mto. Kulihitajika mchoro ubaoni, na haukuchorwa. Tulichelewa kuanza, kusoma mara mbili kukamaliza muda, na watu wakaondoka wakiwa na hakika kwamba hawakusoma chochote.

Kasoro kubwa zaidi si ya siku moja. Hadithi zote tulizosoma ni za ng'ambo, na zimechaguliwa vizuri, lakini darasa la Unguja lisilosoma hata hadithi fupi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo lina pengo ambalo haliwezi kutetewa. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, ameandika hadithi fupi pamoja na riwaya, tamthilia na mashairi, na si yeye peke yake. Nilipolileta jambo hili niliambiwa kwamba hadithi za nyumbani tunazijua, ndiyo maana wanaanza na za mbali. Mimi naona ni kinyume chake. Kitu kilicho karibu ndicho kigumu zaidi kukisoma kama ishara, kwa sababu tumekwisha kukizoea. Mfikirie msomaji wa Wete anayekutana na karafuu katika hadithi. Yeye amechuma, amechambua makonyo, ameanika kwenye majamvi, na kwake karafuu ni kazi ya msimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwandishi akiiweka karafuu katika ukurasa wa kwanza, msomaji huyo atapita bila kusimama, wakati msomaji wa mbali atakimbilia kusema kwamba ni ishara ya utajiri wa visiwa. Wote wawili wanahitaji penseli ya Maalim ili waone inarudi wapi, iko mikononi mwa nani, na harufu yake inabadilika vipi kati ya anayeichuma na anayeiuza. Hakuna zoezi ambalo lingeifaa njia hii zaidi ya hilo, na hakuna watu ambao wangelifanya vizuri kuliko hawa waliokaa katika chumba kile.

Mengine ni ya kawaida. Chumba ni kidogo kwa idadi ya watu wanaokuja, na anayechelewa hukaa ngazini asikosikia vizuri. Baadhi ya nakala zimefifia kiasi kwamba mistari ya chini haisomeki, jambo ambalo katika darasa linalotegemea kupiga mstari chini ya maneno si dogo. Wapo washiriki wawili watatu wanaosema kila wakati, na Maalim, kwa upole wake, hawazuii. Ada ni nafuu kwa mfanyakazi na nafuu zaidi kwa mwanafunzi, na asiye nayo hafukuzwi.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ataona vipindi vya mwanzo havimpi majibu ya kukariri, na huenda akaudhika. Namshauri avumilie, kwa kuwa swali la mtihani linalomtaka athibitishe dhamira kwa mifano kutoka katika kitabu ndilo hasa linalofundishwa hapa, ila linafundishwa kuanzia mfano kwenda kwenye dhamira. Mwalimu wa fasihi aje na daftari la pembeni kwa ajili ya mbinu zenyewe, hasa ubao wa sehemu mbili, ambao unaweza kutumika kesho yake mbele ya wanafunzi hata kama ni wengi. Anayetoka mbali ya mji ahesabu muda wa daladala kabla hajalipa, kwani vipindi vizuri huisha karibu na magharibi na hapana anayetaka kuondoka katikati. Kwa ndugu zetu wa Pemba hakuna darasa la namna hii kwa sasa. Nimemwomba Maalim akubali kuendesha vipindi vichache Chake Chake wakati skuli zimefungwa, na ameniambia yuko tayari ikiwa patapatikana chumba na mtu wa kupiga nakala. Mwalimu yeyote wa huko mwenye chumba chenye ubao anaweza kuianza kazi hiyo.